Mlango wa Radimlja: tafakari ya wiki katika mwezi wa marehemu

Tumsifu Yesu Kristo.

Masomo ya wiki hii ni Ayubu 19:23-27 na Yohana 10:1-10.

Ayubu amepoteza watoto, mali na afya, na rafiki zake wamemchosha kwa hotuba. Hapo ndipo anapolia: "Laiti maneno yangu yangeandikwa sasa! Laiti yangeandikwa kitabuni! Yakachorwa katika mwamba milele, kwa kalamu ya chuma na risasi!" Haombi kaburi kubwa. Anaomba neno lake lisizikwe pamoja naye. Katika mwezi huu tunapowaombea marehemu wote, tukae na mshairi wa Bosnia aliyesoma maneno yaliyochorwa mwambani kweli kweli, akayarudishia sauti.

Mehmedalija Dizdar, anayejulikana zaidi kwa jina la Mak Dizdar, alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1917 mjini Stolac, Herzegovina, katika familia ya Kiislamu. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1936. Kisha vita vikaja, na mwaka 1945 mama yake, Nezira, na dada yake, Refika, wakauawa katika kambi ya mateso ya Jasenovac, nchini Kroatia. Kitabu cha pili hakikuonekana hadi 1954, miaka 18 baada ya kile cha kwanza. Kazi yake kuu, *Kameni spavač*, yaani "Mlalaji wa Jiwe", ilichapishwa mwaka 1966, na mwandishi akafariki Sarajevo tarehe 14 Julai 1971.

Huyo mlalaji wa jiwe ni nani? Karibu na Stolac kuna eneo la makaburi liitwalo Radimlja, lenye mawe ya kaburi 133. Wenyeji huliita jiwe la namna hii *stećak*. Mawe ya namna hiyo yalichongwa kati ya karne ya 12 na ya 16, mengi kwa mawe ya chokaa: mengine bapa, mengine kama sanduku, mengine yenye mgongo kama paa la nyumba. Yako takribani 70,000 katika Bosnia na Herzegovina na nchi jirani, na mwaka 2016 UNESCO iliyaingiza maeneo 28 ya mawe hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Walizikwa chini yake Wakatoliki, Waorthodoksi na waumini wa Kanisa la Bosnia, lile lililohesabiwa na wengine kuwa la wazushi. Machache sana yana maandishi. Chokaa huliwa na mvua na kuvu, na watu nao walichangia: barabara iliyopitishwa Radimlja mwaka 1882 iliharibu mawe kadhaa.

Tuyatazame vizuri hayo maandishi machache, kwa sababu humo ndimo Dizdar alimojifunzia kazi yake. Yana mpangilio unaojirudia. Kwanza: "Na hapa amelala." Kisha jina, na mara nyingi jina la baba. Kisha mahali, na hapo husisitizwa kwamba amelala katika ardhi yake, katika urithi wake. Baadaye, kwa baadhi, namna alivyoishi au alivyokufa. Halafu ombi kwa mpita njia: usinikanyage, au, nilikuwa kama mlivyo, nanyi mtakuwa kama nilivyo. Mwisho hutajwa aliyechonga na aliyeandika. Hakuna zaidi. Mchongaji hutoboa herufi moja moja kwa patasi, kwa hiyo sifa tupu haina nafasi.

Dizdar aliuchukua mpangilio huo akaugeuza kidogo tu. Shairi lake la Gorčin linaanza sawasawa na jiwe: hapa amelala askari Gorčin, katika ardhi yake. Msomaji aliyezoea mawe anangoja "katika urithi wake". Dizdar anaandika: katika urithi wa wengine. Badiliko hilo moja linabeba historia nzima ya watu walionyang'anywa nchi wakiwa ndani yake. Askari huyu hakuwahi kumkanyaga hata sisimizi, lakini alikwenda vitani tena na tena bila ngao wala deraya. Hakuuawa kwa mkuki wala kwa mshale. Alikufa kwa uchungu mtupu, maana msichana aliyempenda, Kosara, alichukuliwa utumwani. Neno lake la mwisho ni ombi: mkimkuta Kosara katika njia za Bwana, mwambieni nilikuwa mwaminifu.

Mtoto wa nyumba ya Kiislamu alikopesha sauti yake kwa Wakristo waliokufa miaka 500 kabla yake, wasio na mtu wa kuwataja. Hakuwafanya mashujaa, wala hakuwageuza wawe wa imani yake. Aliwaacha wawe walivyokuwa. Kwangu huo ni upendo kwa jirani wa kiwango ambacho wengi wetu hatujakifikia, hata kwa marehemu wa ukoo wetu wenyewe.

Sasa tuje kwenye Injili. Katika mashairi yake juu ya Radimlja limo moja liitwalo "Vrata", yaani "Mlango". Msemaji anasema kwamba hapa sisi bado ni wageni tu, na ingepasa siku moja kupita mlango mwembamba, kutoka mwili huu mtupu kwenda mwili wa milele. Usiku mmoja anakutana na Yeye, ambaye bila kuulizwa anamwambia kwamba Yeye ndiye mlango. Ni Yohana 10:9 hiyo: "Mimi ni mlango; mtu akiingia kwa mimi, ataokoka." Ila msemaji hafurahi mara moja kama tunavyotarajia. Anauliza: tundu la kufuli liko wapi? Ufunguo uko wapi? Anaendelea kutafuta.

Hapa wasomaji waamini hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza humjibu kwa haraka, kana kwamba swali ni mtihani wa katekisimu. Akifanya hivyo hataona kwamba swali hilo huulizwa pia na watu wanaosali rozari kila siku, hasa baada ya msiba. Wa pili huchukua mashairi haya kama ushahidi wa mafundisho ya wazushi wa Bosnia. Ni kweli Dizdar alivutwa sana na masimulizi ya wazushi hao, lakini wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba mawe haya ni ya kundi moja la dini. Shairi si hati ya kanisa. Lipokee kama kilio, kama unavyopokea kilio cha Ayubu, ambaye naye alimhoji Mungu kwa sura nyingi kabla ya kusema, "Lakini mimi najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai."

Kwa sala ya wiki hii, chagua marehemu mmoja, si orodha. Tenga dakika 20. Andika mistari isiyozidi mitano kwa mpangilio wa mawe: hapa amelala, jina lake na la mzazi wake, mahali, jambo moja alilotenda au lililomtesa, ombi moja ambalo angelitoa kwetu. Acha vyeo, idadi ya magari na ajira. Ukiona mistari inafika kumi, umeanza kuandika wasifu wa kusomwa mazishini, na wasifu wa namna hiyo huwaridhisha waliohai kuliko unavyomwombea aliyelala. Ukiona kila mstari una "mimi", umeandika huzuni yako; iheshimu, iandike kwenye karatasi nyingine. Jambo usilolishuhudia wewe wala mtu unayemwamini, lifute.

Kisha soma kwa sauti, taratibu, mara mbili. Nyamaza kidogo. Soma Yohana 10:7-9, halafu sema "Raha ya milele umpe, ee Bwana". Kama marehemu wako alikuwa wa dini nyingine, au hakusali kabisa, mwandikie alivyokuwa na umwombee hivyo hivyo. Kwenye jumuiya, watu watatu wakisoma mistari yao inatosha kwa siku moja, na asiwepo wa kutoa maelezo baada ya msomaji.