Jumatatu ya baada ya papai: siku moja maishani mwangu nyuma ya kaunta ya famasi, Kariakoo

Saa 10 alfajiri

Daku ya Jumatatu ile, Mei 4, 2020, haikuwa na maongezi mengine zaidi ya papai. Jana yake Rais John Magufuli, akiwa Chato kumwapisha Mwigulu Nchemba kuwa Waziri wa Katiba na Sheria, alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa kimyakimya kwenye maabara ya taifa zikiwa na majina na umri wa binadamu, na majibu yakatoka kwamba zina corona. Tuliisikiliza hotuba ile nyumba nzima, na majirani nao vilevile, maana sauti yake ilikuwa inatoka kila dirisha. Sasa mama anamimina chai, ananiuliza: "Kwa hiyo wale waliokufa walikufa na nini?"

Mama si mtu wa siasa. Tangu Machi 16, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alipotangaza mgonjwa wa kwanza, yeye ndiye aliyeweka ndoo ya maji tiririka mlangoni. Kesho yake shule zilipofungwa, yeye ndiye aliyewakataza wajukuu kwenda kucheza kwa watu. Serikali ilisema, akatii. Alichotaka kujua alfajiri ile ni kama aendelee kutii au aache. Nikamwambia aendelee.

Saa 12 kasorobo asubuhi

Stendi ya Mbagala Rangi Tatu. Utaratibu ulikuwa level siti, hakuna abiria kusimama, kwa hiyo asubuhi ilikuwa ni kugombea mlango mmoja watu wengi kuliko wale ambao wangesimama ndani. Nilipata kiti gari la tatu.

Barabara ya Kilwa nzima ni mjadala. Nyuma yangu kaka mmoja alikuwa anashangilia: Mzee kawaumbua, mashine zenyewe tumeletewa na watu wasiotutakia mema, angalia Wakenya wanavyopigwa virungu usiku kwa kafyu, angalia Waganda walivyofungiwa. Wengi wakaitikia. Mwingine akasema, taratibu, kwamba kama maabara imekosea basi irekebishwe, lakini ugonjwa si maabara. Naye wakamwitikia, wachache kidogo.

Halafu mama aliyekaa kiti cha mbele akageuka. Alikuwa amejifunga mtandio hadi puani. "Mimi shemeji yangu yuko Amana tangu wiki iliyopita. Naye ni papai?"

Gari zima likanyamaza. Wakati ule Amana ndiyo hospitali iliyotengwa kwa wagonjwa wa corona Dar es Salaam, na kila mtu mle ndani alijua maana ya kuwa na mtu Amana. Yule kaka aliyekuwa anashangilia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Pole sana mama'angu. Mungu atamponya." Akainama kwenye simu yake mpaka Bendera Tatu.

Nalieleza hili kwa sababu baadaye nimesikia watu wakisema Watanzania tuligawanyika, waliomwamini Rais huku na waliomkataa kule. Nilichokiona mimi ni mtu huyohuyo mmoja akishangilia na kuogopa ndani ya safari moja.

Saa 2 asubuhi

Tunafungua. Famasi yetu iko mtaa mmoja ndani kutoka Msimbazi, na mbele yake pana meza ya magazeti. Siku za kawaida wasomaji wa vichwa vya habari husimama dakika mbili na kuondoka. Siku hiyo walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi yetu, bega kwa bega. Nikatoka na kitakasa mikono nikawapitishia mmoja mmoja. Hakuna aliyekataa. Hata yule aliyekuwa anasema kwa sauti kwamba corona haipo alinyoosha viganja.

Saa 3 hadi saa 6 mchana

Hapa ndipo ilipokuwa kazi.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa machinga anayepanga bidhaa zake karibu na soko. Jumamosi alichukua kwetu katoni ya vitakasa mikono vidogo. "Dokta, naweza kurudisha nusu? Naona baada ya jana watu hawatanunua tena." Nikamwambia asirudishe, asubiri. Tukaongea. Kitambulisho chake cha ujasiriamali, kile cha Rais Magufuli cha shilingi 20,000, kilikuwa kinaning'inia shingoni, akakishika wakati anaongea. Alisema: "Mimi nikikaa ndani siku tatu, watoto hawali. Huyu mzee ameniachia niuze. Wewe unafikiri nitamsema?"

Sikumbishia, na hata leo simbishii. Dar es Salaam ni mji wa watu wanaokula walichokipata leo. Mama lishe, mbeba mizigo, konda, dereva wa bodaboda, fundi wa saa: ukiwafungia ndani bila kuwapa unga na maharage umewahukumu. Serikali ilipokataa kuufunga mji ilikuwa inawaona watu hawa, na shukrani waliyompa Rais ilikuwa ya kweli, haikuwa ujinga kama wengine walivyoandika. Ila kuacha mji wazi ni jambo moja, na kuwanyima watu wa mji huo taarifa ni jambo jingine kabisa. Tena anayelazimika kutoka nyumbani kila siku ndiye anayehitaji taarifa kuliko aliyejifungia kwake Masaki na chakula cha mwezi. Namba za mwisho tulikuwa tumezisikia Aprili 29: wagonjwa 480, waliofariki 16. Zanzibar ilitoa zake tena siku chache baada ya Jumatatu hiyo, jumla ikafika 509 na vifo 21, na hapo hesabu ya nchi ikaganda kwa zaidi ya mwaka mzima. Machinga yule alikuwa na haki ya kuuza, na alikuwa na haki ya kujua anauza katikati ya nini.

Waliofuata walikuwa wengi wa namna moja: vitamini C, vidonge vya maumivu, dawa ya kikohozi ya maji. Dada mmoja aliuliza kama tunauza majani ya kujifukiza. Nikamwelekeza sokoni, kwa wauza mwarobaini na mkaratusi. Nilimwambia pia ninachowaambia wote, kwamba nyungu inaweza kumpa mtu nafuu ya mafua lakini asimwingize mtoto chini ya blanketi na sufuria ya moto, maana tumeshauza dawa ya kuungua kwa ajili hiyo.

Karibu na saa 5 akaingia mzee, kanzu safi, barakoa ya kitenge. Nikamwamkia, akaitikia, akasubiri wateja wapungue ndipo akasogea. Mkewe ana homa, anakohoa, na tangu juzi akipanda ngazi moja anakaa chini. Anataka dawa ya kifua, "ile kali".

Nikamuuliza kama wamepiga 199, namba ya simu ya Wizara ya Afya. Akatikisa kichwa. Kama wameenda hospitali. Akatikisa tena. Nikamwambia hali hiyo si ya duka la dawa, mama anahitaji daktari amsikilize kifua, labda na oksijeni. Akaniangalia muda mrefu.

"Mwanangu, nikimpeleka watampima. Na wewe umemsikia Rais jana, vipimo vinasema hata papai linaumwa. Sasa wakisema ana corona nitajuaje kama ni kweli? Watamchukua. Na akifa watamzika usiku, watu wamevaa nguo nyeupe, sisi tuko mbali. Umeziona zile video?"

Nilikuwa nimeziona. Mwishoni mwa Aprili hapakuwa na mtu Dar es Salaam mwenye simu ya kupangusa ambaye hakuwa ametumiwa picha za mazishi ya usiku kwenye WhatsApp. Hakuna kiongozi aliyesimama akatueleza vizuri ni nani anazikwa, kwa utaratibu gani, na familia zina haki gani, kwa hiyo kila mtu akajaza pengo lile kwa hofu yake. Rais alikuwa anatuambia tuache hofu. Nakubaliana naye kwamba hofu inaumiza watu. Lakini mzee yule aliingia na hofu yake na mkewe hakuwa anapumua vizuri, na hotuba ya jana ilikuwa imemwongezea sababu ya kubaki nyumbani.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo John Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, alisema hadharani kwamba vipimo vinavyotumika Tanzania ni vile vinavyotumika kwingine Afrika na vinafanya kazi vizuri. Lakini ilikuwa Alhamisi, na mzee alikuwa mbele yangu Jumatatu.

Nikamwambia nilichokuwa na uhakika nacho. Kwamba kipimo kiwe kizuri au kibovu, pumzi inaonekana kwa macho. Amhesabie mkewe pumzi akiwa ametulia, na zikizidi 30 kwa dakika, au midomo ikibadilika rangi, au akianza kuchanganyikiwa, asisubiri kuche, ampeleke hospitali yoyote iliyo karibu. Afungue madirisha. Wasilale chumba kimoja. Anayemhudumia awe mmoja, avae barakoa, anawe. Nikayaandika nyuma ya bahasha ya dawa kwa herufi kubwa. Dawa ya kifua kali sikumpa. Nilimpa paracetamol, nikamwandikia na namba ya famasi.

"Ahsante mwanangu. Wewe umenijibu." Akatoka.

Sikupata simu yake. Nimemfikiria mara nyingi.

Saa 7 mchana

Swala nyuma ya duka, kwenye mswala wangu. Misikiti na makanisa yalikuwa wazi. Bosi wangu ni Mkristo, alinishikia kaunta.

Saa 9 alasiri

Nikachepuka sokoni kutafuta mahitaji ya futari. Limao lilikuwa limepanda bei kiasi kwamba wauzaji waliliuza mojamoja kutoka mkononi, hawakulipanga tena mafungu chini. Tangawizi hivyohivyo, na vitunguu saumu. Ukitaka kujua serikali na watu wanaogopa nini, ulizia bei za Kariakoo kabla ya kusoma tamko lolote.

Kijana wa mapapai alikuwa anauza kama kawaida, wapita njia wakimtania kama ameyavalisha barakoa. Akanichagulia moja zuri, lililoiva upande mmoja, nikalinunua kwa ajili ya mama.

Saa 12 jioni

Foleni ya gari Kariakoo ilikuwa ndefu, adhana ikatukuta palepale. Mtu asiyenijua akanipa tende mbili na maji ya chupa ndogo, akampa na konda, akampa na yule bibi aliyekuwa nyuma yangu. Bibi akanawa kwanza kwa maji yake ya chupa, taratibu, vidole vyote, kisha ndipo akala.

Saa 3 usiku

Habari iliyokuwa inazunguka ni kwamba mkurugenzi wa maabara ya taifa amesimamishwa kazi pamoja na msimamizi wake wa ubora, na wizara imeunda kamati ya wataalamu kuchunguza. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo palikuwa panawaka. Mjomba wa Mwanza anamtetea Rais, dada yangu wa Mbeya ambaye ni muuguzi ameandika sentensi moja tu: kwamba zamu yao imepata barakoa mpya leo baada ya kuziomba muda mrefu. Binamu mmoja anatuma picha za mbuzi. Wabunge wa Chadema walikuwa wametangaza kujitenga na vikao vya Bunge, nalo likawa ubishi wake peke yake.

Mjomba akaniuliza moja kwa moja: "Wewe uko famasi, unaona watu. Unataka watufungie ndani kama Uganda?"

Nikamtumia sauti, maana kuandika kungenichosha. Nikamwambia hapana, mjomba, sitaki tufungiwe. Nataka kila jioni Waziri wa Afya asimame atuambie wameumwa wangapi, wamepona wangapi, wapi, na hospitali ipi ina vitanda. Kama maabara ina kasoro, waseme kasoro gani na inarekebishwa lini, na wakati huo watuambie tujiangalie kwa dalili zipi. Nataka mzee fulani niliyemhudumia leo ajue kwamba akimpeleka mkewe hospitali ataruhusiwa kujua anaendeleaje. Watu wa Dar wamevumilia kipindupindu, wamevumilia mafuriko ya Jangwani, hawazimii kwa kusikia namba. Nikamweleza habari za mzee mwenyewe, bila kumtaja, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka kidogo kwa hasira na kwa uchovu wa funga.

Kundi likakaa kimya. Baada ya muda mjomba akaja kwangu pembeni, si kwenye kundi: "Mama, hilo la mzee limeniingia. Hilo la namba nakubali pia. Lakini futa hiyo sauti. Siku hizi watu wanakamatwa kwa mambo ya corona, na sheria ya mtandao unaijua."

Alikuwa ananipenda, na alichosema kilikuwa kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuwepo tangu 2015, na siku zile kulikuwa na watu waliokamatwa. Nikamjibu kwamba nimemwelewa. Nikaiacha sauti palepale, nikaenda kumkatia mama papai.