Maegesho ya mteremkoni: maji kwanza, mistari baadaye

Tudor, Mombasa, mwezi wa Mei

Masika yamekolea, na kila uwanja wa magari mjini unaonyesha sasa jinsi ulivyochorwa. Uwanja wa magari ni paa lililolazwa chini. Maji yote yanayouangukia lazima yapewe pa kwenda, na uamuzi huo hufanywa kwenye modeli ya kompyuta, kabla mtu hajachora nafasi hata moja ya gari. Wengi wetu tunaotumia Revit, programu ya kuchora majengo na viwanja kwa pande tatu, tunaanzia kinyume: tunapanga nafasi 60 kwenye karatasi bapa, kisha tunalazimisha ardhi izikubali.

Nadhani kisiwa chenyewe kimetuzoesha vibaya. Sehemu kubwa ni tambarare, na mchoro bapa hauleti madhara makubwa. Lakini kiwanja kinachoshukia hori ya Tudor, au vilima vya Mikindani na Miritini, hakisamehe.

Shida ya kwanza huja na faili ya mpimaji. Koordineti zetu ziko kwenye UTM (mfumo wa kupima mahali kwa mita) kanda ya 37 kusini, yaani Mombasa iko karibu mita 575,000 kwa mashariki na 9,552,000 kwa kaskazini. Revit haitaki jiometri iliyo zaidi ya takriban kilomita 16 kutoka asili yake ya ndani, yaani nukta yake ya sifuri. Ukiiacha huko, mistari inacheza na nyuso zinavunjika. Unganisha faili katikati kwa katikati, kisha chukua kutoka humo koordineti za pamoja, zile ambazo modeli na faili ya mpimaji zitashirikiana. Pili, zitazame kontua, mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja, kwa pembeni kabla ya kuziamini. Mara nyingi mistari yote imelala kwenye kimo cha sifuri, na namba za vimo ni maandishi tu. Kama upimaji ulifanywa kwa droni, vilima vidogo vya duara si vilima, ni vichwa vya minazi na miembe.

Hata kontua zilizo sahihi zina mtego. Programu huunganisha nukta kwa pembetatu, na pembetatu ambayo ncha zake tatu ziko kwenye kontua moja hutoka bapa. Kwenye mgongo wa ardhi na kwenye bonde unapata vibaraza visivyokuwepo kiwanjani. Dawa ni kumwomba mpimaji vimo vya nukta kwenye mgongo na kwenye mkondo, na kuviongeza kwa mkono.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Chukua mteremko wa asilimia 8. Safu mbili zinazotazamana zinahitaji mita 5 za nafasi, mita 6 za njia na mita 5 nyingine: jumla mita 16. Nazilaza safu zifuate kontua. Njia ikipanda mteremko, gari hulala ubavu, na mlango wa upande wa chini hujifungua kwa uzito wake ukagonga la jirani. Kati ya jozi moja ya safu na inayofuata naacha mita 2 za ukuta wa kuzuia udongo na mtaro. Kwa hiyo kila mita 18 ardhi inashuka mita 1.44. Kabro nailaza kwa asilimia 3, inayotosha maji kukimbia bila toroli kukimbia nayo, na hiyo inameza mita 0.48. Zinabaki mita 0.96 ukutani.

Hapo ndipo rampu, njia ya kushukia kutoka jozi moja ya safu hadi nyingine, inapoharibu mchoro wa watu. Kutoka ukingo wa njia ya juu hadi ukingo wa njia ya chini kuna mita 12: nafasi, ukuta, nafasi. Kila nafasi ya mita 5 kwa asilimia 3 inashuka mita 0.15, kwa hiyo tofauti ya kimo ni 0.15 na 0.96 na 0.15, yaani mita 1.26. Ukigawa tu unapata asilimia 10.5, na mtu anaridhika. Lakini rampu inahitaji kipande cha mpito juu na chini, la sivyo bampa au tumbo la gari hukwaruza. Ukiweka mita 3 za asilimia 5 kila mwisho, zinameza mita 0.30 tu, na mita 0.96 zilizobaki zinashuka ndani ya mita 6. Hiyo ni asilimia 16, na kwenye kabro iliyolowa siikubali.

Jibu ninalolipenda linatoka kwa maji. Njia zenyewe zinahitaji asilimia 1 kwa urefu ili zisituamishe. Basi njia ya juu ishuke kuelekea rampu, na ya chini ishuke kuikimbia rampu. Kwa urefu wa mita 30 kila moja inatoa mita 0.30, na tofauti kwenye rampu inapungua kutoka 1.26 hadi 0.66. Ukitoa mipito, kipande cha kati kinashuka mita 0.36 kwa mita 6: asilimia 6. Rampu ya upana wa mita 6 itakula nafasi tatu kwa kila safu, hilo halikwepeki. Na kwa kuwa maji ya juu sasa yanakusanyika kichwani mwa rampu, mtaro wenye grili lazima ukate njia yote hapo, upana mzima. Ukiusahau, rampu inakuwa mto.

Kwenye Revit 2024 na baadaye, uso huo nautengeneza kwa toposolidi, yaani ardhi ya modeli yenye unene, na aina yake naipa tabaka halisi: kabro milimita 80, mchanga wa kulalia, kisha kifusi kilichoshindiliwa. Vimo nahariri nukta kwa nukta. Mteremko mmoja hutoa bapa moja tu, na hapa tuna miteremko miwili kwa pamoja. Pembe nne zisipokuwa kwenye bapa moja, programu huchagua yenyewe ulalo wa kukunja uso, na mkunjo ukiangukia upande mbaya, maji ya kwenye modeli yanaenda usikotaka. Chora mstari wa mkunjo mwenyewe.

Mistari ya nafasi ndiyo inafuata. Kifaa cha maegesho kinachokuja na programu hubaki mlalo. Kwenye asilimia 3, mwisho mmoja wa mita 5 hupishana na uso kwa milimita 150: ama unaelea, ama unazama na kupotea. Nakiacha kwa ajili ya jedwali la idadi, nakificha kwenye picha za pande tatu, na rangi naichora kwa kugawa uso wa toposolidi kwa vipande vya milimita 100. Hivyo hufuata ardhi. Wanaohofia kwamba urefu wa gari utapunjwa na mteremko watulie. Mita 5 za plani kwenye asilimia 5 ni mita 5.006.

Nafasi za watu wenye ulemavu nazipa upana wa mita 3.6 na mteremko usiozidi asilimia 2 kwa pande zote. Kwenye safu ya juu maana yake ni kushusha kichwa cha nafasi milimita 50 kuliko majirani zake, na kuimeza tofauti hiyo kwenye nafasi moja ya pembeni. Ni kitu kidogo kwenye skrini. Kwa mtu anayeshuka garini kuingia kwenye kiti cha magurudumu, ndicho kinachoamua kama kiti kitatulia.

Mwisho naangalia ujazo wa kukata na kujaza, kwa kuweka ardhi ya zamani na mpya kwenye awamu mbili. Namba hiyo haina bei moja Mombasa nzima. Kisiwani na Nyali, kukata ni kuvunja mwamba wa matumbawe, kwa hivyo nainua safu za juu kidogo na kukubali kujaza zaidi. Upande wa Changamwe, kwenye shale, mwamba laini wa matabaka ya udongo unaomomonyoka, kujaza ndiko kunakonitia wasiwasi: udongo uliojazwa huzama, mkunjo wa maji huhama, na grili hubaki juu kuliko kabro. Huko naweka kimo cha grili milimita 10 chini ya kabro inayoizunguka, na namba hiyo naiandika kwenye mchoro wenyewe, palepale kando ya mtaro, ili fundi aione akiwa na kamba mkononi.