Kabla hujanunua kadi ya grafiki, soma kwanza stika ya chaja

Mtu akiniambia X-Plane yake, ile simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta, inakwamakwama, swali la pili karibu kila mara ni anunue kadi gani. Jamani ngoja kwanza. Kadi hapa Kampala ni pesa nyingi, na laptopu nyingi ninazoletewa hazina shida ya kadi hata kidogo, ni umeme haziupati wa kutosha au joto linazimaliza.

Angalia dalili. Kama inakwama tangu umepaki ndege pale uwanja wa Entebbe hata injini hujawasha, hapo ni setingi zimepanda mno au mashine yenyewe ni ndogo. Kama inaenda fresh robo saa hivi halafu inaanza kuchechemea, huku feni inapiga kelele mpaka mtu wa chumba cha pili anauliza kuna nini, hilo ni joto. Prosesa ikifika kwenye digrii 95 na kitu inajipunguza mwendo yenyewe isiungue, na hapo hata ushushe grafiki zote mpaka ziwa lifanane na karatasi ya bluu bado utakwama. Fungua, toa vumbi, maana hili vumbi jekundu la barabara zetu linajaa kwenye feni mpaka linakuwa kama blanketi, weka pesti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, na tafadhali usichezee laptopu juu ya godoro.

Sasa kujua nani anakuchelewesha, prosesa au kadi. X-Plane inakuambia yenyewe, watu hawaangalii tu. Ingia setingi, sehemu ya Data Output, ule mstari wa kwanza kabisa wa fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, weka tiki ionekane ndani ya kokpiti. Itakupa fremu kwa sekunde na pia muda unaotumiwa na CPU, yaani prosesa, na muda wa GPU, yaani kadi, mwenye namba kubwa ndiye mwenye deni. Akiwa ni GPU punguza antialiasing (ule ulainishaji wa kingo za picha), vivuli na rezolusheni. Akiwa ni CPU basi hayo yote hayakusaidii kitu, punguza idadi ya majengo na vitu vya ardhini, punguza zile ndege nyingine zinazoendeshwa na kompyuta. Nimeona mtu anashusha rezolusheni mpaka hasomi tena saa za dashibodi, fremu ziko palepale 17, kumbe prosesa ndiyo inalia.

Na hizo 17 zina ubaya mwingine, ukishuka chini ya 20 hivi X-Plane inapunguza mwendo wa muda wenyewe ili hesabu za ndege zisiharibike. Unakuja juu ya ziwa kutua ranwei 35, unaona mbona leo ndege nzito hivi, mbona haifiki, kumbe dakika ya ndani ya simuleta si dakika ya ukutani.

Hiyo ndiyo ilimpata kijana mmoja jirani yangu hapa Ntinda. Laptopu ya gemu ya mkono wa pili, nzuri tu, ramu 16, kadi ya NVIDIA ndani, na fundi mmoja wa mjini alishamwambia kadi imekufa. Nikageuza chaja nikasoma stika: 19.5V, 3.34A. Zidisha, unapata kama wati 65. Laptopu yenyewe chini imeandikwa 19.5V, 7.7A, yaani wati 150. Pini inaingia, taa inawaka, betri inajaa, kila kitu kinaonekana sawa, lakini ukiipa kazi mashine inajibana ili umeme utoshe. Banange, kadi nzima ilikuwa itupwe kwa sababu ya chaja! Tukaazima ya wati 150 kwa rafiki yake, fremu zikapanda papo hapo bila kugusa setingi hata moja.

Ukishamaliza chaja hakikisha simuleta inatumia ile kadi kubwa, kwa sababu laptopu nyingi zina mbili na Windows wakati mwingine inachagua ile ndogo ya Intel. Setingi, Sistimu, Displei, Grafiki, ongeza X-Plane pale, chagua yenye nguvu zaidi. Basi.

Wazee wa FSX, ile Flight Simulator X ya Microsoft ya 2006, yenu ni nyingine, ile ni programu ya biti 32, haivuki GB 4 za ramu hata uweke 32, kwa hiyo ikizima ghafla ukiwa na sinari (mandhari ya ardhini) nzito usiende kununua ramu. Na wa Microsoft Flight Simulator ya 2020, ardhi yenu inashuka kutoka intaneti mkiwa hewani, Microsoft wenyewe wanasema angalau Mbps 5 na ikiwezekana 20, sasa ukitumia bando la simu na Kampala ikaonekana kama udongo ulioyeyuka hapo kompyuta haina kosa.

Kama bado inazima na unataka niangalie, nitumie Log.txt, iko ndani ya folda ya X-Plane. Ikopi kabla hujafungua simuleta tena maana ukiiwasha tu ile ya zamani inafutwa na inaandikwa mpya. Na nitumie faili lenyewe, lote, si picha ya skrini uliyopiga na simu, tena ya pembeni.