Nilivyoipata bunduki ya mitutu miwili ya Birmingham

Kwa muda mrefu nilitamani bunduki ya marisau ya karne ya 19: mitutu miwili iliyolala sambamba, nyundo mbili za nje, na mitutu yenyewe iwe ya chuma cha Dameski, yaani chuma cha aina mbili kilichosokotwa pamoja hadi kikatoa mapambo. Kuwinda hakukuwa na nafasi katika hamu hiyo. Nilitaka kushika kazi ya watu waliofua mtutu kwa moto, tangu enzi ambazo mashine zilikuwa bado hazijazoea kutoboa mtutu kutoka katika pande moja la chuma. Sasa ninayo, na kilichoniwezesha kuipata iliyo ya kweli ni kujifunza kusoma alama zilizogongwa chini ya mitutu.

Kibali kilitangulia yote. Zipo nchi zinazoihesabu bunduki kongwe kuwa kitu cha kale tu, na zipo zinazoihesabu silaha kamili hata ikiwa na miaka 150. Nikauliza polisi kwanza, nikapata kibali na kabati la chuma lenye kufuli, ndipo nikaanza kutafuta.

Ya kwanza iliyonivutia niliiacha. Kwenye ubapa unaounganisha mitutu paliandikwa jina lililofanana mno na la mtengenezaji maarufu wa Uingereza. Nikaomba ifunguliwe. Chini ya mitutu nikakuta herufi ELG ndani ya umbo la yai, alama ya majaribio ya Liège, Ubelgiji, inayoonyesha kwamba mitutu ilijaribiwa huko kwa kupigwa baruti kabla ya kuuzwa. Mafundi wa huko walikuwa stadi. Waingereza wenyewe walinunua mitutu ghafi kutoka bonde la mto Vesdre, karibu na mji huo. Sina neno na chuma chao. Lakini bunduki iliyovaa jina la kuazima hunifanya nishuku na mengine yote. Nyingine ilikuwa na mapambo mazuri ya Dameski upande wa juu, ila tulipoondoa kishikio cha mbele, chini palikuwa chuma kitupu. Mapambo yalichorwa kwa asidi. Dameski ya kweli huzunguka mtutu mzima, kwa kuwa mapambo hayo ndiyo mwili wa mtutu.

Hii yangu niliikuta mnadani, imelazwa kati ya silaha za kisasa, na watu wakiipita. Nilifika siku ya ukaguzi, kabla ya mauzo. Nikavua kishikio, nikaitingisha iliyobaki: mitutu haikucheza hata kidogo kwenye bawaba. Inafungwa kwa wenzo ulio chini, mbele ya kifyatulio, unaozungushwa pembeni; ni mtindo wa Henry Jones wa Birmingham, aliyeupatia hataza mwaka 1859. Baadaye ilikuja mifumo ya kufunguka haraka zaidi, lakini huu hubana kwa nguvu, na baada ya zaidi ya karne moja bado unabana.

Kisha nikaitundika mitutu peke yake kwa ndoano na kuigonga kwa kifundo cha kidole. Ililia kama kengele. Sauti butu ingemaanisha kwamba ubapa umeachia mahali fulani, na maji yamekuwa yakiingia na kula chuma kwa ndani, pasipoonekana. Nikaielekeza mitutu dirishani na kuangalia ndani. Palikuwa na vidoa vya kutu ya zamani karibu na mdomo, lakini pete za mwanga zilikuwa duara kamili, hazikukatika. Mbonyeo wowote ungezivunja pete hizo.

Nilipoigeuza, alama zikanieleza umri wake. Kulikuwa na taji juu ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana, na katika pembe zake herufi B, P na C: nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1813. Mtutu wa kulia ulikuwa na namba 13 tu. Wa kushoto ulikuwa na 13B na 14M, na maneno NOT FOR BALL. Moyo ulinidunda. Maneno hayo yaligongwa kati ya 1875 na 1887 pekee, kwenye mtutu uliobanwa mdomoni ili marisau yasitawanyike mapema, yakimkataza mwenye bunduki kupiga risasi nzima ya duara. B ni kipimo cha nyuma ya mtutu, M ni cha mdomoni, na namba ikiwa kubwa tundu ni jembamba. Kwa hiyo fundi aliuacha mtutu wa kulia wazi kwa shabaha ya karibu, akaubana wa kushoto kwa ya mbali. Alama chache za kugonga, na bunduki nzima ikafunguka mbele yangu!

Nikashinda mnada. Hapo hapakuwa na kishindo, wachache tu ndio walioitaka.

Kabla ya lolote niliipeleka kwa fundi wa bunduki mwenye vipimo vya ndani. Kipimo cha 13 ni milimita 18.0, cha 12 ni 18.5. Mitutu ikisuguliwa na kusafishwa vizazi kwa vizazi hupanuka, na ukuta wake huwa mwembamba. Yangu bado ilikuwa nyembamba kuliko kipimo cha 12, na unene wa ukuta ulimridhisha. Hata hivyo haina alama yoyote ya kujaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu. Tena chemba yake, pale katriji inapokaa, ni ya milimita 65. Katriji ya milimita 70 huingia bila kukataa, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Ukiipiga, mdomo wa ganda hufunguka ndani ya sehemu nyembamba ya mtutu, na mgandamizo hupanda ghafla. Anayemiliki bunduki ya aina hii lazima alijue hilo hata kama hana nia ya kupiga. Mimi nimeamua haitapigwa.

Ninachokifanya ni kuitazama, na hapo ndipo muda wangu mwingi unapokwenda. Mfuaji alipanga vipande vya chuma laini na chuma cha pua kwa zamu, akaviunganisha kwa moto, akapata fimbo, akaisokota ikiwa nyekundu hadi ikajaa mikunjo. Fimbo mbili au tatu za namna hiyo zikalazwa ubavu kwa ubavu, zikawa utepe, utepe ukazungushwa kwenye nondo, kingo zikafuliwa zikashikana. Mwishoni mtutu ukapakwa dawa ya kuutia kutu kidogo kidogo. Chuma cha aina mbili hakishiki kutu sawa, na hapo ndipo vikunjo vya kahawia na fedha vikajitokeza. Nikifuata kikunjo kimoja kwa lenzi, naweza kukizungusha mtutu mzima bila kukipoteza.

Sijaisugua kwa msasa wala kuitia rangi upya, na ninawasihi wanaopata bunduki kama hii wafanye hivyo hivyo. Kitako cha mti wa jozi nilikifuta vumbi, nikakipaka mafuta ya kitani kwa kidole, machache sana. Kwenye nakshi za kushikia nilitumia mswaki mkavu. Mitutu hupata mafuta mepesi na nta, na ndani ya kabati naisimamisha mdomo ukiwa chini, ili mafuta ya mitambo yasishuke kwenye mbao na kuzilainisha, ugonjwa ulioua vitako vingi vya zamani. Nyundo nazishusha kwa mkono, sizifyatui kavu.

Kuna ufa mwembamba nyuma ya bamba la mtambo wa kushoto. Fundi ataujaza gundi kutoka ndani, bila kugusa nakshi, na skrubu za asili zitarudi kila moja kwenye tundu lake.