Gemu inatambaa kwenye Linux? Uliza kwanza anayechora ni nani

Gemu ikianza kukwama kwenye Linux, wengi hubadilisha draiva, halafu keneli (kiini cha mfumo), halafu Linux yenyewe. Wiki inakatika na gemu bado iko fremu 8 kwa sekunde, kwa sababu hakuna aliyeuliza picha hizo zinachorwa na chipu ipi.

Kwenye Ubuntu, Mint au Debian:

sudo apt install mesa-utils vulkan-tools
glxinfo -B
vulkaninfo --summary

Kwenye majibu ya glxinfo tafuta mstari wa "OpenGL renderer string". Ukikuta llvmpipe, acha mengine yote. Kadi ya grafiki imekaa bure, na prosesa ndiyo inayochora kila pikseli. Hata Core i7 itahema.

Chanzo cha llvmpipe kinachosahaulika sana ni nomodeset, neno linaloizuia keneli kuiendesha kadi ya grafiki ipasavyo. Neno hilo huongezwa siku ya kusakinisha, skrini inapogoma kuwaka, kisha linabaki humo miaka. Chapa cat /proc/cmdline. Likiwemo, fungua /etc/default/grub, lifute kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, piga sudo update-grub, washa upya.

Kwa wenye NVIDIA, mchawi mara nyingi ni Secure Boot, ulinzi unaokataa moduli (vipande vya draiva) visivyo na sahihi. Draiva imesakinishwa bila kosa, lakini nvidia-smi, amri ya kukagua kadi, inalalamika kwamba haiwasiliani nayo. Jaribu sudo modprobe nvidia. Ukijibiwa "Key was rejected by service", moduli haina sahihi inayoaminiwa na mashine. Kwenye Ubuntu:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Tunga nenosiri, washa upya, na kwenye skrini ya bluu chagua Enroll MOK. Skrini hiyo haingoji. Ikikupita, unarudia kila kitu. Jibu likiwa moduli haipo kabisa, na draiva yako hujengwa na DKMS (zana inayoijenga upya kwa kila keneli), kilichokosekana kwa kawaida ni linux-headers-$(uname -r).

Laptopu yenye chipu mbili huchora kwa Intel ili kutunza betri, hata kama kuna GeForce ndani. Kwenye Steam, fungua Properties ya gemu, na katika Launch Options weka:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%

Mwanzoni ni mistari-chini miwili, si mmoja. Kama chipu ya pili ni AMD, DRI_PRIME=1 %command% inatosha.

Sasa laptopu za mtumba, ambako ndiko kwenye kazi. Gemu nyingi za Windows hupita Proton, zana ya Steam ya kuziendesha kwenye Linux, na humo DXVK hutafsiri Direct3D, lugha ya grafiki ya Windows, kwenda Vulkan, inayoeleweka na Linux. Tangu toleo 2.0 la mwaka 2022, DXVK inadai Vulkan 1.3 (yako iko kwenye majibu ya vulkaninfo). GeForce za Kepler, yaani nyingi za GTX 600 na 700, zinaishia draiva 470 yenye Vulkan 1.2, na Intel ya kizazi cha nne kurudi nyuma haifiki huko. Dirisha linamulika mara moja na kutoweka. Kwenye Properties ya gemu, sehemu ya Compatibility, chagua Proton 7.0. Ikigoma, kwenye Launch Options weka PROTON_USE_WINED3D=1 %command%, ambayo hutumia OpenGL badala ya Vulkan. Itakuwa nzito zaidi, lakini itacheza.

AMD za zamani zina shida nyingine. Ukipiga lspci -k ukaona Radeon HD kama 7750, 7850 au 7970 imeshikwa na draiva ya radeon, Vulkan hutaipata. Kwenye mstari ule ule wa grub ongeza radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1, kisha piga sudo update-grub na uwashe upya. Kwa R9 290 na ndugu zake, badala ya "si" andika "cik".

Chipu sahihi ikishachora na bado ni nzito, sakinisha MangoHud, inayoonyesha mzigo wa GPU na prosesa juu ya gemu, na uanzishe gemu kwa mangohud %command%. GPU ikiwa 97%, punguza resolusheni. GPU ikiwa 50% huku kiini kimoja cha prosesa kiko 100%, kupunguza resolusheni hakusaidii kitu. Punguza umbali wa kuona na idadi ya watu kwenye mchezo. Prosesa ikiganda kwenye 800 MHz, angalia joto na chaja: baadhi ya laptopu hujibana zikipewa chaja yenye wati pungufu.

Na kama unategemea grafiki ya Intel au ya Ryzen, piga sudo dmidecode -t memory uone RAM imekaaje. Grafiki hizo hazina kumbukumbu yake, zinakula RAM ya mashine, kwa hiyo RAM mbili za GB 4, zinazosomwa kwa njia mbili kwa pamoja, zitaipita moja ya GB 8 kwa fremu unazoziona kwa macho.