Nilivyochagua shokomzoba za nyuma za pikapu yangu

Mimi nasambaza mayai. Napakia Mtwapa alfajiri, nashusha Mombasa, yaani Bombolulu, Kongowea na Makupa, na kuna siku navuka feri hadi Likoni. Gari langu ni Hilux ya kabini moja, na mayai ndiyo yanayonipa habari zake: trei za chini kabisa, zile zinazokaa juu ya ekseli ya nyuma, zikianza kupasuka najua kuna jambo huko chini.

Safari hii dalili zilikuwa wazi. Nikivuka tuta, nyuma inapanda, inashuka, inapanda tena, na tena. Tairi za nyuma zililika kwa mabonde, ukipitisha kiganja unayahisi. Nikaingia chini ya gari na tochi. Mwili wa shokomzoba ya kushoto ulikuwa umelowa oili iliyokamata vumbi mpaka ikawa tope jeusi, na ile fimbo yake inayong'aa ilikuwa na vidoa vya kutu. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi. Kidoa kidogo kama hicho, kila fimbo inapoingia na kutoka, kinakwaruza sili, ile raba inayozuia oili, hadi oili inavuja.

Kuna jambo ambalo wenzangu wa magari ya mzigo hulichanganya, nami naona lina uzito kuliko jina la kampuni: shokomzoba haibebi mzigo. Anayebeba ni springi. Shokomzoba ni pistoni inayopita ndani ya oili kupitia matundu madogo, na kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya tuta. Ukifunga ngumu ukidhani gari litabeba zaidi, umejinunulia maumivu ya mgongo, na mayai yatapasuka vilevile.

Ndiyo maana sikukimbilia dukani. Nilipeleka gari kwa fundi wangu Kisauni, tukaanza na vitu vya bei nafuu. Upepo wa tairi kwanza: tairi iliyojazwa kwa kipimo cha mzigo mzito, kisha gari likaenda tupu, inaruka kama mpira, na hapo hakuna shokomzoba itakayokuokoa. Vipimo viko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyolaliana. Fundi akaingiza bisibisi katikati, haikupita.

"Ami, hivi vyuma vimeshikana kwa kutu," akaniambia. "Springi haichezi hii. Hata ukileta shokomzoba ya dhahabu, gari litakupiga tu."

Tukazifungua, tukazisugua kwa brashi ya waya, tukapaka grisi, tukabadilisha na bushi za ncha zilizokwisha, zile raba za kwenye maungio. Kazi hiyo peke yake ilipunguza ugumu kwa kiasi nilichokisikia kabla hata ya kutoka mtaani. Kudunda kulibaki, na kudunda ndiko kwa shokomzoba.

Dukani muuzaji alinitolea kwanza zile anazoziita za kazi, ngumu. Nikamuuliza, ngumu wakati gurudumu linapopanda au linaporudi chini? Mambo hayo ni mawili. Gurudumu likipanda jiwe, nataka shokomzoba iliache lipande bila kulisukuma bodi juu. Springi ikirudi, hapo ndipo nataka izuiliwe, maana ule mrejeo ndio unaorusha mzigo. Shokomzoba nzuri ya starehe ni laini wakati wa kubanwa na nzito wakati wa kuvutwa. Ukiijaribu kwa mkono unaona: kuivuta kunachukua nguvu zaidi kuliko kuibana.

Kuna za bomba moja na za mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Za bomba moja zina gesi ya shinikizo kubwa iliyotengwa na oili kwa pistoni nyingine inayoelea. Bilstein ya Ujerumani ndiyo iliyozifanya maarufu tangu miaka ya 1950. Hazichoki kwa joto upesi, kwa hiyo ningekuwa napanda Mariakani na kuendelea bara kila siku kwa njia mbovu, ningezitafuta. Ila gesi yake inaongeza ugumu kidogo gari likiwa tupu, na jiwe likibonyeza bomba, pistoni inakwama. Za mabomba mawili zenye gesi ndogo ni pole zaidi kwenye mwendo wa mjini. Mimi nusu ya siku narudi tupu. Nikachukua hizo, za kampuni ya KYB, ambayo mafundi wengi huiita Kayaba, zenye namba ya modeli yangu hasa. Namba ni muhimu kwa sababu shokomzoba ikiwa fupi inavutwa mpaka mwisho, ikiwa ndefu inagonga chini.

Zilizotumika kutoka Japani nilizikataa, ingawa bei ilivutia. Unaona rangi nzuri, sili huioni.

Wakati wa kufunga nilisimama pale pale. Zilibadilishwa zote mbili za ekseli, maana ukiacha moja kuukuu gari linavuta upande. Kabla ya kufunga, fundi alizisimamisha wima akazibana na kuziachia mara kadhaa, kwa sababu za mabomba mawili zikilala dukani hewa huingia kwenye oili. Na nati za bushi hakuzikaza gari likiwa hewani. Alilishusha kwanza likakaa kwa uzito wake, ndipo akakaza. Ukikaza hewani, raba ya bushi inabaki imejinyonga na kuchanika mapema.

Sasa nyuma inapanda tuta mara moja na kutulia. Kwenye ule mteremko wa kuingia feri Likoni, ambapo trei zilikuwa zikigongana, sasa nasikia kishindo kimoja kizito basi. Si laini kama gari dogo, na pikapu haipaswi kuwa hivyo. Za mbele nitazibadilisha mwezi ujao. Zile zimezungukwa na springi ya koili iliyobanwa kwa nguvu nyingi, kwa hiyo nitazipeleka tu kwa fundi mwenye kifaa maalum cha kuibana. Kuna wanaoifunga kwa waya. Springi hiyo ikifyatuka inavunja mkono wa mtu.