Lenzi ya marehemu babu

Jamani, leo sijui nianzie wapi.

Babu alirudi na kamera kutoka Urusi, zamani hizo. Kamera yenyewe ilishakufa, hewa ya chumvi imeila. Lenzi ikabaki kwenye kasha la bibi, imefungwa kwa kipande cha kanga.
Jupiter-8, milimita 50.

Juzi nikapata adapta ya kuiunga na kamera yangu ya Sony. Pete ya chuma tu, haina hata kioo ndani! Lenzi hii inataka kukaa milimita 28.8 kutoka kwenye filamu. Sony yangu ina 18 tu mpaka kwenye sensa, kile kidude kinachonasa picha badala ya filamu. Pete inajaza hizo 10.8 zilizobaki. Basi.

Alasiri nikateremka Jaws Corner, kule baraza la kahawa Mji Mkongwe, Zanzibar. Nabonyeza, kamera kimya.
Kumbe haiitambui lenzi, inadhani iko tupu. Mpaka uingie kwenye menyu uiruhusu ipige bila lenzi. (Nusu saa imenipotea hapo, msinicheke.)

Mzee muuza kahawa ananitazama nikizungusha pete ya fokasi, natafuta ukali wa picha.
"Mwanangu, unapiga picha au unafungua chupa?"

Nikampiga picha palepale, anacheka, dele mkononi. Jicho kali, ukuta wa nyuma umeyeyuka kama samli.

Nimerudi nyumbani nikamwonesha bibi. Picha hakuitazama sana.
Kaichukua lenzi, kapitisha kidole kwenye mkwaruzo ukingoni.
"Hapa aliiangusha siku ya harusi ya mama'ko. Akanuna mpaka pilau haikumpita."

Mimi ule mkwaruzo nilitaka kuupiga rangi.

Nani mwengine ana lenzi ya kizamani imelala kabatini? Hebu tuoneshane.